Devata wa Banteay Srei na Swali la Mwenye Matini

Katika makala hii ninaomba ruhusa ya msomaji nizungumzie jiwe. Najua kuwa kurasa hizi zimezoea riwaya, tendi na ngano, na kwamba mtu aliyeajiriwa kufundisha fasihi anapoanza kuzungumzia uchongaji wa Wakhmer hushukiwa, pengine kwa haki, kuwa amekwisha maneno katika uwanja wake. Hata hivyo, jiwe hilo linahusiana na fasihi kwa njia mbili. Kwanza, liliibwa na kijana aliyekuja kuwa mmoja wa waandishi mashuhuri wa Ufaransa katika karne ya 20. Pili, hoja aliyoitoa kujitetea mahakamani ni hoja ambayo mimi mwenyewe nimeifundisha kwa miaka mingi, kwa jina jingine, pasi na kujua kuwa ilikwisha kusemwa kizimbani.

Jiwe lenyewe ni mchongo wa devata, yaani mungu wa kike wa daraja ya chini katika imani ya Kihindu, ambaye Wakhmer wa kale walipenda kumchonga kwenye kuta za mahekalu yao. Nilikutana naye mwaka 1991 nikiwa mwanafunzi wa uzamili, katika kitabu kimoja kinene cha sanaa ya Asia kilichokuwa maktabani. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, nayo ilijaza ukurasa mzima. Amesimama kishubakani, nyonga moja imeinuka kidogo, mkononi ana ua la yungiyungi. Ndewe za masikio yake zimevutwa chini na uzito wa vipuli, na nguo imeshuka kutoka kiunoni kwa mikunjo myepesi hata mtazamaji husahau kuwa anatazama jiwe. Uso una utulivu wa mtu anayesikiliza jambo analolijua tayari. Nilikaa na ukurasa huo hadi kengele ya kufunga maktaba ikalia.

Semina yetu wakati huo ilitawaliwa na umuundo pamoja na mabaki ya Uhakiki Mpya. Tulifunzwa kuwa matini hujitosheleza. Kwamba kumuuliza mwandishi alikusudia nini ni udhaifu wa msomaji. Kwamba maisha ya mtunzi, mahali na hafla ni vumbi la kupangusa ili umbo lionekane. Makala ya Roland Barthes ya mwaka 1967 kuhusu kifo cha mwandishi ilipita mikononi mwetu ikiwa nakala ya nakala, herufi zimefifia. Zamu yangu ya kuwasilisha ilipofika nilitoa nakala za picha ya devata, nikawagawia wenzangu na kuwaambia: tazameni, hatujui jina lake, hatujui aliyemchonga, hatuijui dini yake, na bado anatutosha. Mwalimu wetu alifurahi. Sikuuliza, wala hakuna aliyeuliza, ule ukuta uliokatwa na ukingo wa picha uliendelea hadi wapi.

Uliendelea mbali. Banteay Srei ni hekalu dogo lililoko yapata kilomita 25 kaskazini mashariki ya Angkor. Lilizinduliwa mwaka 967, na waliolijenga hawakuwa wafalme. Lilikuwa kazi ya Yajnavaraha, mshauri wa kifalme na msomi, ambaye maandishi ya Kisanskriti yaliyochongwa kwa ajili ya hekalu hilo yanamsifu kwa elimu yake na kwa kuwasaidia wagonjwa na maskini. Jina la leo, ambalo hufasiriwa kuwa ngome ya wanawake, lilikuja baadaye. Mungu mkuu wa hekalu hilo aliitwa Tribhuvanamaheshvara, Bwana Mkuu wa Dunia Tatu, naye ni Shiva. Jiwe lake ni la mchanga, lenye rangi inayoelea baina ya waridi na udongo mwekundu, na wachongaji walilichonga kwa wembamba ambao sisi tuliozoea milango ya nakshi ya Lamu tungedhani ni wa mti. Kwa muda wataalamu walidhani kuwa hekalu hilo ni la karne ya 13 au 14. George Cœdès ndiye aliyeonyesha, mwaka 1929, kuwa ni la karne ya 10. Macho ya watu waliobobea yalikuwa yamekosea kwa zaidi ya miaka 300, jambo ambalo si la kuchekwa na mtu wa idara yetu.

Ndani ya ua wa kati pana minara mitatu iliyopangwa mstari mmoja. Mnara wa katikati na ule wa kusini ni ya Shiva, wa kaskazini ni wa Vishnu. Katika vishubaka vya mnara wa katikati wamechongwa walinzi wa kiume, vijana wembamba. Devata wako kwenye minara ya kando. Kwa hiyo devata hakuchongwa ili atazamwe peke yake. Ana mwenzake katika kila pembe, ana walinzi upande wa pili wa ujia, na juu ya milango iliyo karibu naye yamechongwa masimulizi ambayo mtu wa Angkor aliyajua kama sisi tunavyoyajua ya sungura na fisi. Kwenye jengo la kusini, Ravana mwenye vichwa vingi anautikisa mlima Kailasa, na Uma, mke wa Shiva, anamng'ang'ania mumewe kwa hofu. Uma ana kisa. Devata wa kishubakani hana kisa kinachojulikana, hana vita alivyopigana wala mlima uliotikiswa chini yake. Nadhani ndiyo sababu ilikuwa rahisi sana kumchukua. Mhusika asiye na kisa huonekana kama umbo tupu, na umbo tupu huonekana kama kitu kisicho na mwenyewe.

Sasa nije kwa mwizi. André Malraux alikuwa na umri wa miaka 22 alipofika Indochina mwaka 1923 pamoja na mkewe Clara na rafiki yao Louis Chevasson. Mali ya Clara ilikuwa imepotea katika hisa za kampuni za madini za Mexico, na kijana huyo alihitaji fedha. Wazo la Banteay Srei alilipata katika jarida la kitaaluma. Mwaka 1919 Henri Parmentier alichapisha, katika jarida la taasisi ya Kifaransa ya utafiti wa Mashariki ya Mbali, makala ndefu ambayo ndani yake alilieleza hekalu hilo, lililokuwa limegunduliwa na Wafaransa mwaka 1914 na lingali limefunikwa na msitu. Ninawaomba wasomaji wa jarida hili wasimame hapo kidogo. Makala ya kitaaluma, iliyoandikwa kwa uangalifu na mtu aliyelipenda jiwe lile, ndiyo iliyokuwa ramani.

Walifika na misumeno, tindo na mitaimbo, wakiwa na mikokoteni ya ng'ombe na vibarua wa kienyeji. Devata wa Banteay Srei hakuchongwa kwenye jiwe moja lililosimamishwa; mwili wake umegawika katika matofali ya jiwe yaliyopangwa moja juu ya jingine, ambayo ni matofali ya ukuta wenyewe. Kumtoa ni kuutoa ukuta. Waliyang'oa mawe hayo, wakayatia katika makasha, wakayasafirisha kwa mashua. Walikamatwa Phnom Penh, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1923.

Kesi ilisikizwa Julai 1924. Utetezi ulikuwa, kwa muhtasari, kwamba hekalu lilikuwa gofu lililotelekezwa, kwamba halikuwa limeorodheshwa rasmi miongoni mwa majengo yanayolindwa, na kwa hiyo lilikuwa mali isiyo na mwenyewe. Malraux alihukumiwa kifungo cha miaka 3, Chevasson miezi 18. Clara, ambaye mashtaka yake yalifutwa, alirudi Ufaransa na kuwahamasisha waandishi. Waraka wa kumtetea ulichapishwa gazetini ukiwa na majina kama ya André Gide, François Mauriac na Louis Aragon. Waliotia saini walimdhamini kwa akili yake na kipaji chake cha uandishi, ilhali wakati huo kijana huyo alikuwa amechapisha kijitabu kimoja tu chembamba. Oktoba 1924 mahakama ya rufaa ya Saigon ilipunguza adhabu ikawa mwaka mmoja ambao hakulazimika kuutumikia. Kwa hiyo fasihi ilimtoa mtu jela kabla hajaiandika.

Ningependa kuwa mwadilifu kwake. Mwaka 1925 alirudi Saigon akaanzisha gazeti lililoushambulia utawala wa kikoloni kwa ujasiri ambao ulimgharimu. Kadhalika, utawala uliomshtaki kwa wizi ulikuwa, kuanzia mwaka huohuo wa 1923, umeruhusu taasisi yake ya utafiti kuuza baadhi ya michongo ya Kikhmer kwa watalii na makumbusho ya ng'ambo. Wanunuzi walipewa stakabadhi. Tofauti baina ya mshtakiwa na mlalamikaji ilikuwa ya karatasi. Katika kesi nzima, mahakama ya Wafaransa iliwasikiliza Wafaransa wakibishana juu ya mungu wa watu wengine. Wakhmer walikuwamo kama wenye mikokoteni.

Mwaka 1930 Malraux alichapisha riwaya, La Voie royale, ambamo kijana aitwaye Claude Vannec anaingia msituni na mzee wa vituko aitwaye Perken kung'oa michongo ya hekalu. Niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza muda mrefu baada ya semina yangu, na wakati huo tu ndipo nilipong'amua kuwa hekalu la riwaya na picha yangu ya maktabani vinatoka mahali pamoja. Riwaya ina nguvu, sikatai. Msitu wake una wadudu, ukungu na uozo unaomnata msomaji vidoleni. Tukio la kuling'oa jiwe limesimuliwa kana kwamba ni mapambano ya mtu na mauti yake. Lakini mchongo wenyewe hausemi, hautazami, na hakuna anayeuomba kitu. Kazi yake ni kuwa mzito, na kuwa na bei. Mhakiki anayetafuta nafasi ya mwanamke katika riwaya hiyo na asiishughulikie ile ya mwanamke wa jiwe ameacha nusu ya kazi.

Lililonishtua zaidi ni maandishi yake ya baadaye. Katika Le Musée imaginaire, kilichotoka mwaka 1947, Malraux alidai kuwa jumba la makumbusho, na baada yake kamera, vimezitoa sanamu katika ibada na shughuli zilizozizaa na kuzigeuza kuwa sanaa, hivi kwamba mtu wa leo anaweza kuzikusanya kazi za dunia nzima ndani ya kitabu na kuzilinganisha umbo kwa umbo. Ni wazo kubwa, na mimi ni mtoto wake. Kitabu kile cha mwaka 1991, ukurasa ule uliomkata devata ukutani kwa ukingo mweupe, ndicho makumbusho aliyoizungumzia. Alichokifanya kwa msumeno akiwa kijana alikuja kukieleza kwa nadharia akiwa mtu mzima, na baadaye akawa Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa kuanzia 1959 hadi 1969. Sisemi kuwa nadharia hiyo ni batili kwa sababu aliyeitunga aliiba. Nikisema hivyo nitakuwa nimeivunja kanuni niliyofunzwa ya kutomhukumu mwandishi, na sitaki kuivunja kiholela. Nasema tu kuwa nadharia inayoanzia pale kitu kilipokwisha kung'olewa haina njia ya kuuona mng'oo wenyewe.

Devata walirudi. Mawe yalitwaliwa na mahakama, na kati ya mwaka 1931 na 1936 Henri Marchal alilirekebisha hekalu kwa mbinu ambayo Waholanzi waliitumia Java: kulibomoa jengo jiwe kwa jiwe, kuliandikia kila jiwe namba, na kulijenga tena kwa mawe yaleyale. Lilikuwa hekalu la kwanza la eneo la Angkor kufanyiwa hivyo. Wapo wasemao kwamba bila kashfa ya wizi Banteay Srei lingesubiri msituni miaka mingi zaidi. Huenda ni kweli, na ni kweli isiyopendeza.

Sijafika Kambodia. Nimefika Paris mara moja, mwaka 2008, kwa kongamano lisilohusiana na mambo haya, na alasiri moja nilikwenda Musée Guimet. Humo mna jiwe kubwa la Banteay Srei lililokuwa juu ya lango, ambalo lilifikishwa Ufaransa wakati wa utawala wake, bila kesi yoyote. Limechongwa kisa cha Mahabharata: ndugu wawili wa kabila la majitu, Sunda na Upasunda, ambao walipewa ahadi kuwa hakuna awezaye kuwaua isipokuwa wao wenyewe. Miungu ikaagiza aumbwe mwanamke kutokana na chembe bora za kila kilicho kizuri duniani, akaitwa Tilottama, akapelekwa mbele yao. Katika jiwe, Tilottama amesimama katikati na ndugu wawili wanamgombea, virungu vimeinuliwa. Walimu wa shule walikuwa wakipita na watoto. Nilisimama mbele yake nikajaribu kufanya nilichokifanya mwaka 1991, yaani kumtazama pasi na kuuliza, nikashindwa. Niliuliza lango liko wapi. Niliuliza nani hupita sasa chini ya mahali alipokuwa.

Wizi haukuisha na Malraux. Vita vya Kambodia vilivyoanza mwaka 1970, utawala wa Khmer Rouge wa 1975 hadi 1979, na miaka ya vurugu iliyofuata, vilifungua mahekalu kwa wenye mitaimbo. Mfanyabiashara Mwingereza Douglas Latchford, ambaye alishiriki kuandika vitabu vya kifahari kuhusu sanaa ya Wakhmer, alishtakiwa New York mwaka 2019 kwa madai kuwa, pamoja na mengine, alighushi historia ya umiliki wa vitu alivyoviuza. Alifariki mwaka 2020 kabla ya kesi kusikizwa. Desemba 2023 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilitangaza kuwa litairudishia Kambodia michongo 14, miongoni mwayo mungu wa kike wa karne ya 10 kutoka Koh Ker. Hapa mhakiki wa fasihi ana kazi anayoijua. Historia ya umiliki iliyoghushiwa ni ubunilizi: ina wahusika, ina wakati na mahali, ina barua za watu wasiokuwapo. Imetungwa kwa lengo la kumfanya msomaji asiulize. Na sisi huku hatuwezi kusema hayo ni ya Asia. Vigango viwili vya Wamijikenda vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi Kenya kutoka Marekani mwaka 2007 tu, baada ya wataalamu kuvifuatia kwa picha iliyopigwa vikiwa bado mahali pake.

Nimevitaja vigango kwa sababu mwaka 1993 nilikuwa Kilifi, katika boma ambalo lilikuwa na vyake, nikikusanya ngano kwa ajili ya tasnifu. Mtambaji wangu mkuu alikuwa mwanamke mzee ambaye kijiji kizima kilimwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, nami nikafuata. Alitamba usiku watoto wakiwa wamemzunguka. Kwa ngano moja, ya msichana aliyejificha ndani ya mbuyu, kulikuwa na wimbo uliorudiwa mara sita, na kila mara watoto walimwitikia, wakikosea, wakichekana, wakianza upya. Kaseti yangu ilinasa yote hayo, pamoja na jogoo asiyejua saa.

Nilipoichapisha ngano hiyo mwaka 1996 niliusafisha usiku huo. Viitikio niliviondoa. Jogoo na vicheko, bila shaka. Wimbo niliufupisha kwanza hadi mara moja, kisha nikauondoa wote, kwa kuwa niliona ni takriri isiyosukuma msuko mbele. Kilichobaki kilikuwa matini safi ya kurasa tatu, na nilifanya uchanganuzi wake kwa fahari. Jina la Hawe halikuonekana popote. Chini ya ngano niliandika kuwa imetambwa na mwanamke mzee wa Kilifi, na katika maelezo nikasema kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima na haina mwandishi. Sikujua, nilipoandika maneno hayo, kuwa nilikuwa nikirudia utetezi wa Phnom Penh. Mali isiyo na mwenyewe.

Mwaka 2022 mwanafunzi wa mwaka wa pili alibisha mlango wangu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, binti. Karibu.”

Alikuwa na mkusanyiko wetu wa ngano, ule tunaoutumia darasani. Aliufungua, akaweka kidole.

“Mwalimu, hii ngano ya mbuyu nimeisikia nyumbani. Hawe wangu ndiye aliyekuwa akiitamba. Hapa katikati pana wimbo.” Alinyamaza kidogo. “Wimbo umekwenda wapi?”

Nimeulizwa maswali magumu na watahini wa nje, na nimeyajibu. Hili sikulijibu. Nilimwambia kuwa nitatafuta kaseti. Hawe alikuwa ameshafariki miaka mingi, na kati ya kaseti tatu nilizorekodi, mbili nilikuwa nimemwazima mtu ambaye hakuzirudisha, nami sikuzifuata. Ya tatu ilikuwa ndani ya kasha la viatu, chini ya mitihani ya zamani. Upande wa kwanza ulikuwa na ngano ya mbuyu. Upande wa pili lebo yangu ilisema: “Hawe, nyimbo, baada ya watoto kulala.” Maneno hayo yalikuwa yamepigwa mstari, na juu yake, kwa kalamu nyingine: “Mhadhara, 1997: Matini na Kifo cha Mwandishi.” Kaseti mpya zilikuwa ghali, na nilitaka kuisikiliza sauti yangu.

Ilinichukua wiki mbili kupata mashine inayofanya kazi. Mwanafunzi alikuja na simu yake ili anakili. Wimbo ulikuwapo, mara zote sita. Safari ya tatu, mtoto mmoja aliingia mapema kabla ya kiitikio na wenzake wakamcheka, na binti yule akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma jina lililoandikwa wazi, kuwa huyo ni mama yake. Aliurudisha ukanda nyuma, akasikiliza tena. Tangu siku hiyo nimeandika toleo jipya la ngano lenye wimbo, viitikio na jina la Hawe, ambalo familia imelisoma na kulisahihisha katika mahali pawili. Swali la nani atie saini ya kuruhusu lichapishwe bado linajadiliwa nyumbani kwao, na ni haki yao kulijadili kwa muda wautakao.

Upande wa kwanza ulipokwisha aliitoa kaseti, akaigeuza.

“Huko ni mimi tu,” nilimwambia. “Nilirekodi juu yake.”

“Huenda pamesalia kidogo mwishoni, Mwalimu. Au pale ulipovuta pumzi.”

Akabonyeza. Tuliusikiliza mhadhara wangu wote, dakika 45.